Kadi Namba Kumi na Nne

Siku ya mshahara Malama hakuwa na haja ya kuwahi foleni benki, kwani mshahara wake ulikuwa na mtu wa kuuwahi. Alimaliza zamu yake kwenye chumba cha kufulia pale hospitalini, akakunja shuka la mwisho, akavua aproni ya mpira, ndipo akashuka mjini polepole. Alipofika kwenye mashine ya pesa alimkuta Mzee Chomba ameshamaliza shughuli, amekaa kwenye ukuta mfupi wa bustani ya benki, kofia magotini, anapanga kadi.

Zilikuwa kadi nyingi. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, ile plasta ya kufungia vidonda, na juu ya plasta namba iliyoandikwa kwa wino wa bluu. Nyumbani kwake zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kadi ya Malama ilikuwa ya kumi na nne.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Za kufua?"

"Tunafua tu."

"Haya. Imeingia kwacha elfu tatu na mia nne, kama kawaida. Yangu elfu moja. Yako hii hapa, hesabu."

Akahesabu, maana Mzee Chomba alichukia mtu asiyehesabu. Elfu mbili na mia nne. Akashukuru, kisha akajiuliza moyoni, kama kila mwezi, anashukuru nini.

Mzee Chomba hakuwa mtu wa matusi wala wa kuvunja milango. Miaka ishirini na sita alichimba shaba chini ya ardhi, na mgodi ulipofunga akabaki na kifua kibovu na kiinua mgongo ambacho hakikutosha kujengea nyumba wala kuanzishia duka. Akaanza kukopesha. Mikopo ya namna yake mji mzima wa Luanshya huiita kaloba, na mkopeshaji mwenyewe pia huitwa kaloba. Ni kausha damu hasa: ukichukua elfu moja leo, mshahara ukitoka unarudisha elfu moja na mia tano. Dhamana yake ni kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri.

Malama alikuwa amechukua elfu mbili mwezi Juni wa mwaka uliopita, mama yake alipofariki Samfya na ndugu wote wakamtazama yeye kwa kuwa ndiye mwenye kazi ya serikali. Baba wa watoto alikuwa ameshahamia Solwezi, ana mke mwingine huko, na simu yake ilikuwa ikiita tu. Tangu hapo kila mwezi riba ya elfu moja ilikatwa, na zile elfu mbili zenyewe zikabaki palepale, kama jiwe la mafiga. Ili zitoke, ilipasa alete elfu tatu kwa mkupuo mmoja. Mwanamke mwenye watoto wawili, anayelipa kodi ya nyumba, angezitoa wapi?

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kidogo, ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Namba ya siri ya kadi ilikuwa mwaka aliozaliwa mama yake. Siku alipoitaja, Mzee Chomba alitikisa kichwa akasema, "Namba nzuri, haisahauliki." Na kweli hakuisahau.

Mwezi Januari alinunua daftari. Hakufanya kwa ushujaa wowote. Mapalo, binti yake wa miaka kumi na miwili, alihitaji madaftari ya shule, na kwenye pakiti likabaki moja. Malama akalipiga mistari. Upande mmoja aliandika kinachoingia, upande wa pili kinachotoka, na akaanza kuandika kila kitu bila kuficha chochote, hata peremende ya Suwi, mdogo wake Mapalo, aliyekuwa na miaka mitano na kilio cha mtu mzima. Kodi ya nyumba mia saba. Gunia la unga wa sima mia tatu na ishirini. Mkaa, mafuta, sabuni, dagaa. Muda wa maongezi ulikuwa umejaza nusu ukurasa. Aliutazama ukurasa huo akaona haya peke yake. Kuanzia Februari simu yake ikawa ya kupokea tu, na wenzake kazini wakamtania kwamba amekuwa mkubwa, hapigi, anapigiwa.

Nyama ikawa ya Jumapili moja kwa mwezi. Siku nyingine walikula sima na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Na kwa kuwa karanga zilikuwepo, akaanza kutengeneza chikanda ya kuuza. Alinunua mizizi ile midogo ya porini sokoni, akaitwanga, akaipika pamoja na karanga, pilipili na magadi kidogo mpaka ikashikamana kama mkate mzito, kisha akaikata vipande. Manesi waliipenda. Walisema ya Malama haina mchanga. Kwa mwezi ilimwachia faida ya mia tatu na hamsini hivi, na kati ya hizo mia mbili zilikwenda kwenye kikoba.

Hapo kwenye kikoba ndipo lilipokuwa tumaini lake lote.

Kilikuwa kikoba cha wanawake kumi na wawili wa mtaa wa Mikomfwa, wote wenye ajira na kadi za benki, na kilikutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi sebuleni kwa Mama Sampa, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Mtu aliruhusiwa kukopa hadi mara mbili ya alichoweka, kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Malama alikuwa amepiga hesabu zamani. Akifikisha akiba ya elfu moja na mia tano, angeweza kukopa elfu tatu. Angezipeleka kwa Mzee Chomba, angeichukua kadi yake, na deni angebaki nalo kwa watu wa kumi badala ya mtu wa hamsini. Agosti akiba yake ilifika elfu moja na mia sita. Alivaa kitenge kizuri, akaenda mkutanoni na maneno ya kuomba ameyapanga kichwani.

Kabla hajafungua mdomo, Mama Sampa alisimama akasoma sheria mpya. Mwezi Aprili mwanachama mmoja alikuwa amekopa elfu mbili na nusu akashindwa kurejesha, na walipomfuata ikaonekana kadi yake iko kwa kaloba tangu mwaka juzi.

"Kwa hiyo leo hatukopeshi, na kuanzia mwezi ujao," alisema Mama Sampa, "anayekopa anakuja na kadi yake, anaiweka hapa mezani, tunaiona kwa macho. Mwenye kadi kwa kaloba hakopi. Na msisahau, Septemba ndio mwisho wa kuomba. Ambaye hajakopa mwaka huu, atalipa riba hivyo hivyo kama aliyekopa. Hatukuanzisha kikoba ili pesa ikae sandukuni inapigwa na baridi."

"Yaani nisipokopa nalipa riba ya hewa?" aliuliza Mama Chibesa, karani wa halmashauri, mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Unalipa."

"Haya, basi nitakopa ninunue hewa yenyewe."

Wakacheka. Malama naye alicheka, halafu akarudi nyumbani na maneno yake aliyoyapanga.

Wiki nzima ya kwanza ya Septemba alizunguka na jambo hilo. Asipokopa angelipa riba ya pesa ambayo hakuishika. Kukopa nako kulitaka kadi. Kadi ilikuwa ndani ya kopo, na ufunguo wa kulifungua kopo ulikuwa ni huo mkopo. Siku ya Alhamisi, akitoka kazini, alipita kwa Mzee Chomba. Alimkuta barazani anamenya machungwa.

"Baba, nina ombi. Naomba kadi yangu Jumamosi. Saa mbili tu."

"Kadi hailali nje, mwanangu."

"Hailali. Nitairudisha mchana huohuo."

"Unataka kuifanyia nini? Mshahara bado."

Malama hakujua kudanganya. Alijaribu kutafuta uongo mwepesi, akaukosa, akasema ukweli: kikoba kinataka kuiona.

Mzee Chomba aliacha kumenya, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo Mama Sampa! Na huo mkopo ukiupata, unalipa nini?"

"Nakulipa wewe."

"Zote?"

"Zote elfu tatu."

Mzee alimtazama kidogo. Haikuwa rahisi kujua kama habari hiyo ilimfurahisha au ilimsikitisha. Elfu tatu mkononi ni kitu, lakini elfu moja ya kila mwezi isiyo na mwisho nayo ni kitu.

"Sawa," alisema. "Kwacha ishirini."

"Ishirini ya nini?"

"Ya kuiazima. Na mimi nitakuja nikae hapo nje ukutani. Usidhani sikuamini. Ni utaratibu. Halafu usiibandue plasta, utanivurugia hesabu."

Akalipa. Nyumbani akafungua daftari, akaandika upande wa kinachotoka: *Kukodi kadi yangu – 20.* Mapalo, aliyekuwa akimsaidia kuchambua karanga, alichungulia.

"Mama, mtu anakodi kitu chake mwenyewe?"

"Chambua karanga, mwanangu."

"Nauliza tu."

"Najua unauliza tu."

Jumamosi alipewa kadi yake mlangoni kwa Mama Sampa, kwa mkono wa chini kwa chini, kama mtu anayepewa hirizi. Mzee Chomba akavuka barabara, akakunjua kigoda chake chini ya ukuta wa jirani, akafungua gazeti. Mfuko wa plastiki wenye kopo aliuweka kati ya miguu. Malama aliishika kadi yake kiganjani na kuipapasa. Miezi yote hiyo hakuwa ameigusa. Kona moja ilikuwa imeanza kuchanika.

Sebuleni palikuwa pamejaa. Mama Sampa alikuwa amekaa nyuma ya meza, miwani puani, sanduku la kikoba mbele yake likiwa limeshafunguliwa, na kando yake sinia tupu. Waliolipa michango walipewa risiti. Yakasomwa marejesho. Kisha akasema:

"Leo sandukuni kuna elfu tatu na mia nne tu ya kukopesha, nyingine zimeshatoka. Wanaoomba waweke kadi kwenye sinia, na kila mmoja nitamuuliza swali moja mbele ya wote. Ajibu kwa mdomo wake."

Walioomba walikuwa wanne. Kadi nne zikalala kwenye sinia, zote zimetazama juu, majina yakionekana. Malama aliiweka yake taratibu ili plasta isijitokeze pembeni. Alipoinua macho alimwona Mama Chibesa anachungulia dirishani kuelekea barabarani, akijipepea kwa risiti yake ingawa hapakuwa na joto.

"Mama Kafula," alisema Mama Sampa. "Kadi yako inakaa wapi?"

"Kwangu," alijibu Mama Kafula, mwanamke mwembamba anayefanya kazi posta. Alijibu haraka mno.

"Mama Mapalo. Kadi yako inakaa wapi?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Mwenzake ametoka kulitamka na hakuna aliyeanguka. Malama alilijua, lilikuwa hapo kwenye ulimi. Alichotakiwa ni kulitoa tu, achukue elfu tatu, avuke barabara, na baada ya dakika tano neno hilo lingekuwa kweli. Aliitazama kadi kwenye sinia. Akaona jina lake, na chini yake, pasipoonekana, akaiona ile plasta.

"Haikai kwangu," alisema.

"Sikusikii."

"Haikai kwangu, Mama Sampa. Leo nimeikodi."

"Umeikodi?"

"Kwa Mzee Chomba. Yuko hapo nje. Nimelipa kwacha ishirini."

Mtu aliyekuwa akitafuna karanga aliacha kutafuna. Malama alihisi masikio yake yanawaka, akainamisha kichwa asubiri aambiwe atoke.

"Ishirini?" ilisikika sauti ya Mama Chibesa. "Ishirini? Mbona mimi kanitoza thelathini?"

Hakuna aliyejua kwa sekunde kadhaa kama acheke. Halafu mmoja akashindwa kujizuia, na wa pili, na sebule nzima ikapasuka. Mama Chibesa mwenyewe, aliyekuwa ameweka kiganja mdomoni kama anataka kuyarudisha maneno ndani, akaanza kutikisika mabega. Mama Kafula hakucheka. Alinyoosha mkono akaigeuza kadi yake kwenye sinia, wote wakaona plasta na namba tisa.

Mama Sampa akazigeuza nyingine mbili. Kumi na nne. Ishirini na moja. Ya nne tu, ya mhudumu wa maabara, ndiyo iliyokuwa safi mgongoni.

"Kwa hiyo," alisema, akivua miwani, "mmekuja kunifanya mjinga ndani ya sebule yangu. Na yule babu amekaa nje anasoma gazeti akinisubiri mimi nimlipe."

"Samahani, mwalimu," alisema Mama Kafula.

"Mimi si mwalimu wenu! Mngekuwa wanafunzi wangu mngekuwa mnafagia uwanja sasa hivi. Sheria inasema nini? Inasema mwenye kadi kwa kaloba hakopi. Chukueni kadi zenu."

Mama Chibesa akachukua yake, na Mama Kafula naye. Malama alinyoosha mkono, kisha badala ya kuchukua kadi akafungua mkoba, akatoa daftari.

Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Alikuwa amelibeba kwa mazoea, kwa sababu ya nauli na risiti. Aliliweka kando ya sinia na kulisukuma mbele kidogo.

"Nilitaka tu uone, Mama Sampa. Halafu nitaondoka."

Mama Sampa alirudisha miwani. Alifungua kurasa taratibu. Alisoma unga, mkaa, peremende ya Suwi. Alisoma chikanda, mia tatu na arobaini na tano. Alisoma *kukodi kadi yangu*, akatoa pumzi puani. Ukurasa wa mwisho Malama alikuwa ameandika kichwa cha habari, *Nilichomlipa Mzee Chomba*, na chini yake hesabu: mwaka jana miezi mitano, mwaka huu minane, jumla elfu kumi na tatu.

"Mama yako alizikwa lini?" aliuliza Mama Sampa ghafla.

"Juni. Mwaka jana."

"Na ukaanza kukatwa Julai. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Sita, siyo mitano."

Akachukua kalamu nyekundu kwenye kikombe chake, akakata tano, akaandika sita. Akakata kumi na tatu, akaandika kumi na nne.

"Elfu kumi na nne," alisema, "kwa elfu mbili."

Mama Sampa aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na hasira yake ilikuwa ingali usoni ila ilikuwa kama imegeukia upande mwingine.

"Yule wa Aprili," alisema, "alikopa kwetu akaenda kununua kochi, kaloba akabaki naye. Ndiyo maana nikaweka hii sheria. Sikuiweka ili kuwafungia watu ndani ya kopo la yule mzee. Sasa nauliza kikao. Tukitoa pesa, na pesa isiguse mkono wa mkopaji, iende moja kwa moja kwa kaloba mbele ya macho yetu, kadi ikabaki kwa mwenyewe. Nani anakataa?"

Hakuna aliyekataa, ila mhudumu wa maabara alisema yeye naye alikuwa na haja yake, ya bati, na kadi yake safi.

"Nakupa mia nne leo. Zilizobaki Oktoba. Bati litaoza?"

"Halitaoza, lakini mvua..."

"Mvua ni Novemba." Mama Sampa akageuka. "Ila pesa inatosha mtu mmoja. Chibesa, wewe unadaiwa kiasi gani?"

"Elfu sita," alisema Mama Chibesa. Hakukuwa na utani kwenye sauti yake. "Usinitazame hivyo. Mpe huyu. Yangu haitoshi hata ukitikisa sanduku. Na isitoshe mimi sina daftari. Ningekuwa nalo ningejificha lisinione."

Malama akaichukua kadi yake kwenye sinia, wakatoka wote, wanawake kumi na wawili, wakavuka barabara. Mzee Chomba alipoona kundi linamjia, alikunja gazeti na kusimama, akavuta mfuko wa kopo karibu na miguu.

"Habari za mkutano, kina mama."

"Nzuri," alisema Mama Sampa. "Namba kumi na nne. Elfu tatu. Hesabu."

Mzee alitazama noti, akamtazama Malama. Alilamba kidole akahesabu, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Mama Sampa akamtolea karatasi aliyokwisha kuiandika, *Deni limekwisha*, na Mzee akasaini kwa mwandiko mzuri wa kizamani.

"Nilikuwa nakuheshimu, mwanangu," alimwambia Malama. "Hukuwahi kunisumbua hata siku moja."

"Ahsante, Baba."

"Ukipata shida unajua nyumbani."

"Hatapata," alisema Mama Sampa. "Na kwacha kumi ya Mama Chibesa irudi. Huwezi kumtoza mmoja ishirini na mwingine thelathini, mtaa mmoja, siku moja."

"Yake ni deni kubwa..."

"Kumi, Mzee."

Akatoa kumi. Mama Chibesa akaipokea, akaiinua juu kama kombe, na wapita njia wawili wakasimama kutazama.

Kadi ilikuwa tayari mkononi mwa Malama, basi hapakuwa na cha kurudishiwa. Alisimama kidogo asijue afanye nini. Kisha akaingiza ukucha chini ya plasta, akaibandua polepole, kwani gundi yake ilikuwa imeshika sana, akaikunja mara mbili, akampa Mzee Chomba.

"Hesabu yako," alisema.

Mzee aliipokea, akaiangalia, akaitia mfukoni mwa shati.

Jumatatu, kabla ya zamu, alikwenda benki akabadilisha namba ya siri. Hiyo mpya hakumwambia mtu, hata Mapalo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwambia mama yake, kimoyomoyo, kwamba mwaka wake umerudi nyumbani.

Deni halikuwa limeisha, lilikuwa limehama tu. Kikoba kilitaka elfu moja na riba kwa kila mkutano: Oktoba elfu moja na mia tatu, Novemba elfu moja na mia mbili, Desemba elfu moja na mia moja. Ilikuwa zaidi ya alichokuwa akikatwa na Mzee Chomba, na Mapalo, aliyeketi naye kwenye daftari, hakuielewa hesabu hiyo.

"Mbona umeenda kulipa zaidi?"

"Hebu piga jumla ya miezi mitatu ya hapa. Halafu piga ya kule."

Mapalo akapiga, ulimi nje. Ya kikoba elfu tatu na mia sita, kisha sifuri. Ya Mzee Chomba elfu tatu, kisha elfu mbili bado zipo. Akatazama zile elfu mbili muda mrefu.

"Yaani haziishi?"

"Haziishi."

Oktoba ilikuwa ngumu. Alitengeneza chikanda mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, na mikono ikanuka pilipili hata kwenye shuka za hospitali. Ile nyama ya Jumapili moja ikatoweka kabisa. Suwi aliomba viatu vya kumeta kama vya rafiki yake, akalia kwa kilio chake cha mtu mzima, na hakuvipata. Novemba mwenye nyumba alitaka kupandisha kodi. Malama alikwenda na daftari kumwonyesha, jambo ambalo mwaka uliopita asingethubutu, na mwenye nyumba, aliyekuwa hajawahi kuonyeshwa daftari na mpangaji, alikubali kusubiri hadi Februari, labda ili aondokewe na mtu huyo mlangoni. Mikutano yote mitatu alilipa. Mara moja alichelewa kwa saa nzima, na Mama Sampa akamtoza faini ya kwacha kumi bila kupepesa jicho.

Desemba walipogawana, akiba yake ya elfu mbili na mia nne ilirudi na faida ya mia sita na kumi. Sare ya darasa la nane ya Mapalo ilichukua mia nane. Suwi alipata viatu, visivyometa sana. Zilizobaki alizipeleka benki. Kwenye daftari alifungua safu ya tatu, ambayo haikuwahi kuwepo, akakosa jina la kuipa. Mwisho akaandika *Yetu*. Alijiwekea lengo moja: safu hiyo ifike mshahara wa mwezi mmoja, ili siku msiba au ugonjwa ukibisha hodi, asikumbuke njia ya kwenda kwenye kopo.

Mshahara wa Desemba ulitoka siku mbili kabla ya Krismasi. Safari hii Malama aliwahi. Foleni ilikuwa ndefu, imezunguka ukuta wa bustani, na mbele yake alisimama Mzee Chomba mwenye kofia na kifungu cha kadi mkononi. Kifungu kilikuwa chembamba kidogo kuliko zamani. Mama Kafula alikuwa ametoka Oktoba. Mama Chibesa alikuwa bado yumo, kadi yake juu kabisa, lakini alikuwa amenunua daftari, na kila Jumatano alikuja kwa Malama kulijaza huku akilitukana.

Mzee aligeuka akamwona.

"Mwanangu. Za siku nyingi?"

"Shikamoo, Baba. Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

Zamu ya Mzee ikafika. Mashine ikawa wazi, watu nyuma wakaanza kusogea. Mzee Chomba alizitazama kadi zake, akamtazama Malama, akapiga hatua moja pembeni.

"Pita wewe," alisema. "Mimi nitachukua muda. Wewe una moja tu."

Malama akapita. Aliingiza kadi, akafunika vitufe kwa kiganja cha mkono wa kushoto kama alivyoona wengine wakifanya, na alipotupa jicho nyuma alimwona Mzee Chomba amegeuza uso mwenyewe, anaangalia barabarani. Akabonyeza namba zake nne. Mashine ikamuuliza anataka kiasi gani. Alikuwa nacho kwenye daftari, ameshakiandika tangu jana, pungufu ya mshahara kwa mia tano. Akatoa kilichoandikwa, akazihesabu noti palepale, akaacha zilizobaki zilale benki.